Ukarabati wa Nyumba: Usiufungulie Moto Njia

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Wewe unayetusikiliza kwa redio ndogo mlangoni mwa hema, wewe uliyekaa chini ya mwembe mbele ya spika, na wewe ambaye umeshavuka kurudi pwani ukatuchukua pamoja na mzigo wako, karibu.

Leo tunazungumza na watu wanaokarabati. Wapo wa Quiterajo ambao wamekwisha kurudi, wapo wanaokwenda kuangalia kiwanja na kurejea kambini, wapo ambao bado wanasubiri. Wote habari wanayotuletea ni moja: nyumba ipo, lakini si nyumba tena. Kimbunga Kenneth kilipita tarehe 25 Aprili 2019 kikaondoa makuti na mabati. Kabla hatujamaliza kuezeka, mwaka 2020 tukakimbia. Tangu hapo mvua za masika zimeosha udongo wa kuta msimu baada ya msimu, mchwa wamekula fito, na nyumba nyingine zilichomwa moto, zimebaki viambaza vyeusi visivyo na paa. Sasa mtu anafika na panga, jembe na lona aliyopewa, anasema: nitaziba hapa, nitabomoa pale, watoto walale ndani leo leo.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Ukuta wa nyumba una kazi zaidi ya kubeba paa na kukusitiri. Una kazi nyingine ambayo huioni mpaka siku ya balaa: kuzuia moto na moshi usivuke kutoka chumba kimoja kwenda kingine, au kutoka nyumba ya jirani kuja kwako. Na ukarabati, kwa bahati mbaya, ndio wakati kazi hiyo inapovurugwa zaidi, kwa sababu tunatoboa, tunabomoa, tunang'oa milango, na huku watu bado wanalala humo humo.

(Sauti: udongo unakandikwa ukutani.)

MTANGAZAJI: Tuanze na moshi, kwa sababu watu wengi huogopa ndimi za moto tu. Katika nyumba inayoungua, moshi ndio unaoua watu wengi, na mara nyingi huwaua wakiwa bado kitandani. Ndani yake mna hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inashika damu mahali ambapo hewa safi ilipaswa kushika, mtu anazidi kusinzia badala ya kuamka. Mimi shuleni kemia haikunipenda wala sikuipenda, lakini hili moja nililishika.

Moshi wa moto ni mwepesi, unapanda. Unajaa kwanza chini ya paa, halafu unashuka kama maji yanayojaa kwa kugeuzwa juu chini. Ndiyo maana tunaambiwa tutambae. Na ndiyo maana ukuta ambao haufiki kwenye paa hauzuii moshi hata kidogo. Hebu fikiria nyumba zetu za pwani. Viambaza vya ndani vingi vinaishia usawa wa kichwa au zaidi kidogo, juu kote ni wazi, paa ni moja kwa vyumba vyote. Tumefanya hivyo kwa ajili ya hewa, na kwa joto letu ni akili nzuri. Lakini jiko likishika moto upande huu, moshi unapita juu ya kiambaza bila kubisha hodi, unashuka juu ya watoto upande ule.

Kwa hiyo kama unakarabati na una nguvu ya kuinua ukuta mmoja tu mpaka ukutane na paa, inua ule unaotenganisha jiko au stoo na chumba cha kulala. Vingine viache kama vilivyo, hewa ipite. Na jiko lenyewe lipumue kwa nje: acha tundu kubwa kwenye ukuta wa nje, si kwenye ukuta wa chumbani.

Sasa udongo. Fundi wa kiambaza hahitaji kufundishwa na mtangazaji wa redio namna ya kukandika, lakini sababu ya kukandika vizuri ni hii. Udongo hauungui. Boriti na fito zinaungua. Kiambaza kikiwa kimekandikwa pande zote mbili, miti imefichwa ndani, moto hauipati kwa haraka. Ukipita mbele ya nyumba iliyoachwa miaka kadhaa utaona miti imetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nyumba ile, hata kama imesimama, imekwisha poteza kizuizi chake. Moto ukifika unashika mti, unapanda nao mpaka kwenye makombamoyo, na kutoka hapo makuti ni dakika chache tu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kioo cha dirisha au rangi, rudisha udongo mahali ulipotoka. Safu ya kwanza ikikauka itapasuka, ndiyo tabia ya udongo. Usiiache hivyo. Safu ya pili, nyembamba, inaziba nyufa. Ukiwa na chokaa kidogo ya kuchanganya katika safu ya mwisho, mvua itakuchelewesha kurudia kazi.

Na tundu je? Siku hizi kila nyumba ina waya wa paneli ya jua unaotoka paani kuingia chumbani, na fundi ametoboa tundu la kupitisha ngumi kwa ajili ya waya mwembamba kama kamba ya mshipi. Baadaye linazibwa na mfuko wa plastiki, kitambaa, au kipande cha sponji kutoka kwenye godoro kuukuu. Afadhali lingebaki wazi ukaliona! Sponji ya godoro ikiungua inatoa moshi wenye sumu kali kuliko wa kuni. Ziba kwa udongo uliokandwa, usukume ndani mpaka utokeze upande wa pili.

Kuna namna rahisi ya kujua kama ukuta wako umekamilika. Usiku, mtu mmoja aingie jikoni na tochi yenye nguvu, mwingine akae chumbani gizani, amulikiwe ukuta kutoka upande wa jiko, chini hadi juu, pembe hadi pembe. Kila mahali unapoona mwanga unapenya, moshi nao utapenya. Tia alama kwa mkaa, asubuhi ziba. Haigharimu chochote ila betri.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye lona. Turubai, ukipenda. Hakuna kati yetu ambaye hajalala chini ya lona, na sitaitukana. Ilitufunika Paquitequete tuliposhuka kwenye mashua, inatufunika hapa. Lakini watu wanairudisha nyumbani na kuifanya ukuta wa ndani: kubomoka kiambaza, basi tundika lona. Sikiliza lona imetengenezwa na nini. Ni plastiki inayoitwa polithini. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Plastiki hii inaanza kuyeyuka si mbali sana juu ya hapo, kama nyuzi 110 hadi 130, wakati moto wa kawaida wa nyumba unafika mamia ya nyuzi. Maana yake lona haisubiri kuguswa na ndimi za moto. Joto tu linailainisha, inatoboka, inadondosha matone yanayowaka juu ya mkeka na chandarua. Kama paa la muda dhidi ya mvua, sawa. Kama kizuizi kati ya jiko na mtoto, hapana.

Mabati je, hizi shapa? Bati haliungui, lakini linapitisha joto. Ukuta wa bati unaounguzwa upande mmoja unaweza kuwasha kapulana lililotundikwa upande wa pili bila moto wenyewe kuvuka. Ukitumia bati kutenga jiko, usiegemeze wala usitundike kitu upande wa pili.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya vijumba vya udongo, wenzetu wenye maghorofa wamevuka huko. Hawajavuka. Jijini London kulikuwa na jengo la ghorofa 24 linaitwa Grenfell Tower. Lilikuwa la zege, na kila fleti ilikuwa kama sanduku: moto ukizuka katika moja, zege linauzuia humo humo. Likakarabatiwa, kazi ikaisha mwaka 2016. Wakalivika nje paneli nzuri za kung'aa, wakabadilisha madirisha. Ndani ya zile paneli, katikati ya karatasi mbili za aluminiamu, mlikuwa na polithini. Ndugu yake lona yetu. Na pembeni mwa madirisha mapya mlibaki nafasi zilizojazwa vitu vinavyoungua. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 friji ilishika moto katika jiko la ghorofa ya nne. Moto ukatoka kando ya dirisha, ukashika paneli, ukapanda nje ya jengo mpaka juu, ukawa unaingia fleti nyingine kupitia madirisha yale yale. Milango mingi ya fleti haikuwa na kifaa cha kuifunga yenyewe kinachofanya kazi, kwa hiyo watu walipokimbia wakaiacha wazi, moshi ukajaa korido na ngazi. Walikufa watu 72. Jengo la zamani lisilo na urembo lilikuwa na kizuizi. Ukarabati ndio uliokitoboa.

Nyingine iko karibu nasi zaidi. Johannesburg, mtaa wa Marshalltown, jengo la Usindiso la ghorofa tano. Lilikuwa mali ya jiji, lakini kwa miaka watu waliokosa pa kukaa waliingia na kujigawia vyumba. Ukumbi mmoja ukawa vibanda kumi, kwa mbao, kadibodi na mapazia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 likawaka. Walikufa watu 76, na miongoni mwao walikuwamo Wamalawi, Watanzania na wenzetu wa Msumbiji, watu waliokwenda kutafuta kazi kama ambavyo ndugu zetu wengi wanakwenda. Kulikuwa na lango la chuma lililofungwa, watu wakakwama nyuma yake, wengine wakaruka madirishani na watoto. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ilitoa ripoti yake mwezi Mei 2024 na kusema wazi kwamba jiji lilishindwa wajibu wake.

Sizungumzi habari hizi ili tulie tena. Nazungumza kwa sababu madarasa, maghala na majengo ya posto yanayokaliwa na familia nyingi hugawanywa namna hiyo hiyo: kamba, kapulana, lona, kila familia kona yake, jiko la mkaa katikati kwa sababu nje kunanyesha. Sitiri ya kapulana tunaihitaji, mama na binti zake hawawezi kulala mbele ya watu. Lakini tukubaliane katika jengo la namna hiyo: hakuna moto ndani, wa kupikia wala mshumaa, na milango miwili ifunguke wakati wote. Kapulana linasitiri macho. Moshi halijui.

(Sauti: nyundo.)

MTANGAZAJI: Kitu ninachotaka fundi na mwenye nyumba wakizungumze kabla ya nyundo ya kwanza ni siku za katikati. Kizuizi cha zamani kimeondoka, kipya hakijakauka. Hizo ndizo siku mbaya. Tazama hali ya nyumba wakati huo: mlango umeng'olewa, umelazwa chini unatumika kukatia mbao. Makuti mapya makavu yamerundikwa sebuleni yasilowe. Kiambaza cha jiko ni uwazi mtupu. Na jioni mama anapika mahali pale pale, kwa sababu ndipo mafiga yalipo.

Utaratibu mzuri ni ukuta mmoja kwa wakati. Usibomoe vyote siku moja kwa sababu tu vijana wa kusaidia wapo. Bomoa kimoja, jenga, kandika, kikauke, ndipo uende kingine. Siku ambazo ukuta wa jiko uko wazi, mafiga yahame nje, mbali na rundo la makuti. Mlango wa chumba cha kulala uwe wa mwisho kung'olewa na wa kwanza kurudishwa. Ubao mzito uliofungwa unaweza kukupa dakika za kumtoa mgonjwa. Na kama fundi anachomelea chuma au anatumia moto wa aina yoyote, akimaliza asiondoke. Cheche inaweza kukaa ndani ya ufa au chini ya makuti ikifuka kimya kimya. Mtu akae alinde angalau saa moja, na ndoo za maji na mchanga ziwe karibu. Mwaka 2019, tarehe 15 Aprili, siku kumi kabla ya Kenneth kutufikia sisi, kanisa kuu la Notre-Dame kule Paris liliteketea paa lote likiwa katikati ya ukarabati. Miti ya paa lile ilikuwa na mamia ya miaka.

Wavuvi, hili ni lenu. Petroli ya mashine mnaiweka ndani, naelewa, ikibaki ufukweni asubuhi huikuti. Lakini wakati wa ukarabati madumu huhamishwa hamishwa, leo stoo, kesho chini ya kitanda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki kwa tundu la juu. Unatambaa sakafuni mpaka ukute jiko. Na nyavu za nailoni zilizo juu ya madumu ni kuni nyingine. Jengeni kibanda kidogo cha udongo chenye kufuli, kisichogusana na nyumba. Hilo ningelianza hata kabla ya nyumba yenyewe.

Kuhusu jiko la nje: kumbukeni pepo zetu. Wakati wa kusi ndipo makuti yanakauka kabisa, na kusi inapuliza kutoka kusini. Jiko likiwa upande wa kaskazini wa nyumba, cheche zinapelekwa mbali na paa lako. Kaskazi ikigeuka, mara nyingi mvua nazo zimeanza, makuti yana unyevu. Ila tazama na paa la jirani upande ule. Usimwokoe mtoto wako ukamtumia moto wa mwenzio.

Hapo tunafika kwenye kizuizi ambacho hakijengwi, nacho ni nafasi tupu. Makuti hayazuii moto kwa namna yoyote, kwa hiyo kati ya paa na paa kinachozuia ni umbali. Mashirika yanayopanga kambi hufuata kipimo hiki: kati ya nyumba na nyumba isipungue mita 2, na bora zaidi iwe mara mbili ya urefu wa nyumba. Kama nyumba yako ina mita 3 mpaka kileleni, acha 6. Na katika eneo lililojengwa, kila mita 300 paachwe ukanda mtupu wa mita 30. Hapa kambini tunauona ukanda ule, tunasema hawa watu wanapoteza ardhi, kesho mtu anaongeza banda la kuku, keshokutwa jiko, mwisho ukanda umekwisha. Bangladesh, katika kambi za Kutupalong, nyumba zilikuwa zimebanana mno. Tarehe 22 Machi 2021 moto uliwaacha watu kama 45,000 bila makazi kwa siku moja, na walionusurika walieleza jinsi uzio wa seng'enge ulivyowazuia kukimbia. Mkirudi Quiterajo mnapima viwanja upya, msikubali kubanana kwa sababu tu mmezoea kambi. Mwiteni sekretario wa mtaa, iteni kamati ya maafa ile inayofanya kazi na INGD, pimeni kwa kamba kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuna maswali mawili yaliyoachwa kwenye sanduku letu.

La kwanza: “Ukuta wangu ulishaungua wakati wa mashambulizi. Udongo umekuwa mgumu na mwekundu. Je, ni imara?” Udongo uliopikwa na moto unaweza kuwa mgumu kama chungu, usikudanganye. Uliokuwa umeubeba ni mti, na mti ndani unaweza kuwa mkaa. Chokonoa kwa ncha ya panga sehemu tatu nne, chini, katikati na juu. Ukikuta unga mweusi au uwazi, ukuta huo hautabeba paa wala hautazuia kitu. Ubomoe kwa utaratibu, watoto wakae mbali. Udongo wake unaweza kuupondaponda ukachanganya na mpya.

La pili limeandikwa kwa mwandiko mzuri, nadhani ni mwanafunzi amemwandikia mama yake: “Tulikorudi usiku tunaogopa. Nimepigilia dirisha misumari na mlango nafunga kwa mnyororo na kufuli. Wewe unasema tuzibe moto. Tukiziba, sisi tutatokaje?”

Mama, hofu yako hakuna anayeweza kukuambia ni ya bure. Lakini misumari hiyo iondoe. Weka komeo la mti kwa ndani, pana, linalokaa kwenye vishikio viwili, la mlango na la dirisha pia. Anayesukuma kutoka nje halioni wala hawezi kuling'oa kwa urahisi, na aliye ndani analiinua kwa mkono mmoja. Kufuli lina ufunguo, na ufunguo gizani ndani ya moshi hauonekani. Lichonge liwe jepesi. Halafu mwite mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kutembea, mfunge macho kwa kitambaa, mwambie atambae kutoka kitandani mpaka dirishani na aliinue. Akishindwa, lipunguze uzito, au lishushe chini, mpaka aweze.

(Muziki unapanda.)